Mtungi Ndani ya Kabati

Jiko la Sikudhani lilikuwa na dohani. Wanawake wengi wa Dodoma walipikia kwenye mafiga, na moshi ulitoka kwa njia yoyote uliyoipata. Moshi wa Sikudhani ulipanda kwenye dohani, ukatoka juu ya paa, ukaenda zake na upepo.

Nyumba hiyo ilikuwa moja katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, si mbali na stesheni. Mumewe, Abdulkadiri, alikuwa karani wa mizigo. Zamani walikaa katika chumba kimoja mtaa wa Majengo. Humo walilala, humo walipika, na humo mtoto wao Jaha alikohoa tangu alipoanza kutambaa. Walimpeleka hospitali. Daktari alisikiliza kifua cha mtoto, akasema, "Dawa nitawapa, lakini haitafaa kitu akiendelea kuvuta moshi. Mtoeni kwenye moshi."

Abdulkadiri aliomba nyumba ya kazini. Alingoja sana, na mwisho alipewa. Walipohamia, kikohozi cha Jaha kilipungua, kisha kikakoma.

Kwa hiyo Sikudhani aliipenda nyumba ile. Tena aliiogopa, maana haikuwa yake.

Aliogopa zaidi jikoni. Mle mlikuwa na kabati lililojengewa ukutani. Halikuwa kabati la kusukuma huku na huku. Lilianzia pembe hii ya ukuta likaishia pembe ile, na lilishikwa kwa skurubu. Chini lilikuwa na milango na rafu. Juu ya milango zilikuwapo droo, na juu ya droo ubao mpana wa kutayarishia chakula. Juu zaidi, ukutani, lilining'inia kabati dogo la sahani na vikombe.

Mkaguzi wa nyumba, Mwingereza mmoja mrefu, aliwapa ufunguo siku waliyohamia. Alisema Kiswahili polepole, neno moja moja.

"Watu waliotangulia humu niliwaondoa," alisema. "Walipasua rafu, wakazitia motoni kama kuni. Ninyi fanyeni hivi: vyombo vyote vikae kabatini. Sakafuni pasibaki kitu. Nitarudi kutazama."

Sikudhani alitii. Masufuria aliyaweka kabatini. Chungu, mwiko, ungo, kibao cha mbuzi, vyote kabatini. Ukabaki mtungi wa maji.

"Baba Jaha," aliuliza, "mtungi nao ni chombo?"

"Kwani ni nini? Ni mtu?"

"Nauliza tu."

"Amesema vyombo vyote. Hakusema vyote isipokuwa mtungi."

Basi Sikudhani aliuingiza mtungi katika kabati la chini, pembeni kabisa, juu ya kata ya majani. Alifunga mlango. Sakafu ilikuwa tupu na safi. Alitazama, akaridhika.

*

Jambo la kwanza kubadilika lilikuwa maji yenyewe. Abdulkadiri alirudi kazini mchana, vumbi la Dodoma limemjaa kwenye nyusi. Alichota kikombe, akanywa, akakunja uso.

"Maji gani haya? Yana vuguvugu kama yamekaa juani."

"Joto la mwaka huu," alisema Sikudhani.

"Kule Majengo kulikuwa na joto pia. Maji yalikuwa baridi."

Sikudhani naye alikuwa ameliona jambo hilo.

Kisha mlango wa kabati la pembeni ukaanza kukwama. Mwanzoni aliuvuta kwa mkono mmoja, baadaye kwa mikono miwili. Droo ya juu yake nayo ikagoma kutoka. Ndani ya kabati kukawa na harufu ya uvundo. Sikudhani aliona dawa ya uvundo ni usafi. Alitoa vyombo, akamwaga ndoo ya maji ndani ya kabati, akasugua kwa majivu na mchanga kama alivyozoea kusugua sakafu ya saruji. Maji yaliingia kwenye nyufa za mbao, na yaliyobaki aliyafagia kwa ufagio. Kisha alirudisha vyombo na mtungi, akafunga mlango.

Uvundo ukazidi.

Asubuhi moja aliona mstari wa udongo. Ulikuwa mwembamba kama penseli. Ulianzia kwenye ubao wa chini, nyuma ya mtungi, ukapanda ukutani mpaka ukapotea nyuma ya rafu. Aliupangusa kwa kitambaa. Kesho yake ulikuwa pale pale, mbichi.

Hakuna mtu wa nchi ile asiyejua mstari wa namna hiyo. Ni njia ya mchwa.

Sikudhani alichuchumaa mbele ya kabati. Aliwakumbuka watu waliopasua rafu. Wao waliondolewa. Je, yeye ambaye kabati linaliwa mikononi mwake? Angemwambia nini mkaguzi? Angeamini nani kwamba hakufanya makusudi? Akamtazama Jaha aliyekuwa ameketi chini ya ubao, akipanga vifuniko vya sufuria, akiimba peke yake bila kukohoa. Akaona kile chumba cha Majengo.

Hakumwambia mtu. Alitandika karatasi juu ya rafu. Alitia vitambaa vikuukuu katika nyufa. Kila asubuhi, kabla mumewe hajaamka, alipangusa ule mstari wa udongo. Kila asubuhi ulikuwa umerudi. Nje, milango ilikuwa mizuri vilevile, myekundu ya mti wa mninga, bila doa.

Kisha Abdulkadiri akaja na habari.

"Mkaguzi yuko mjini. Ameanza ukaguzi mwisho wa safu, nyumba ya Sostenes. Anakuja huku nyumba kwa nyumba."

"Anatazama nini?"

"Kila kitu. Mbona umeshtuka? Jiko lako ndilo safi kupita yote."

*

Mama yake Abdulkadiri, Bi Zaitun, alikaa Majengo. Wazee wake walifika Ugogo na misafara ya biashara, wakabaki. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Siku ile alikuja na bakuli la vitumbua chini ya mtandio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji kwanza, njia ilikuwa vumbi tupu."

Sikudhani alimpa maji. Bi Zaitun alionja, akashusha kikombe.

"Umeyachemsha?"

"Hapana, mama. Ya mtungini."

"Mtungi wenyewe uko wapi? Nimetazama barazani, sikuuona. Nimetazama pembeni, sikuuona. Au nyumba hii ya reli mtungi nao umepanda treni?"

"Uko kabatini."

"Kabatini!" Bi Zaitun alicheka mpaka akashika mbavu. "Umeuoza? Umeuweka ndani kama mwali?"

Lakini alipomtazama mkwewe usoni, aliacha kucheka. Aliinuka mwenyewe, akauvuta mlango wa kabati. Haukufunguka. Akauvuta kwa nguvu, ukaachia ghafla. Akainama. Akaondoa karatasi, akaondoa vitambaa. Akaweka kidole juu ya ubao wa chini, akabonyeza kidogo. Kidole kikazama.

Akakitoa kimejaa vumbi la mbao.

"Abdulkadiri anajua?" aliuliza Bi Zaitun.

"Hajui."

"Tangu lini umelificha?"

"Mama, naogopa. Tutafukuzwa. Jaha atarudi kwenye moshi."

"Kuogopa si kosa. Lakini mchwa hakungojei umalize kuogopa." Bi Zaitun alipangusa kidole. "Babu yangu alitunza mizigo ya misafara katika nchi hii hii. Walipofika kambini hawakulaza mzigo juu ya ardhi hata kwa usingizi mmoja. Waliupandisha juu ya mawe. Mzigo ukilowa, waliufungua uanikwe. Hilo ninalijua. Lakini kabati la skurubu silijui. Nani alilijenga?"

"Fundi Jayantilal."

"Yule wa karakana ya Uhindini? Basi nakwenda kumwita. Usiguse kitu. Nami nitakaa hapa mpaka amalize, watu wasiseme ulibaki na fundi peke yenu."

*

Fundi Jayantilal alizaliwa Kondoa na kukulia Dodoma. Alikuja na mfuko wa vyombo vyake vya kazi begani. Bi Zaitun alikuwa tayari ameketi juu ya mkeka, mlangoni mwa jiko.

"Karibu, Jayanti. Njoo uone kazi yako ilivyozeeka kabla yako."

"Kazi yangu haizeeki, Bi Zaitun. Huzeeshwa."

"Haya, piga magoti, acha maneno."

Fundi hakufungua mlango kwanza. Alichukua mpini wa patasi, akagonga mbao moja baada ya nyingine, taratibu, akitega sikio. Mbao za upande wa dirisha zilitoa sauti kali: ko, ko. Alipokaribia pembe, sauti ilibadilika ikawa nzito na tupu: pu, pu. Akarudi nyuma akagonga tena, mpaka akapata mahali hasa sauti ilipobadilika. Akapachora alama kwa chaki.

"Mchwa hula ndani," alisema. "Nje huacha ngozi nyembamba, kwa sababu hawapendi mwanga wala upepo. Kwa hiyo jicho litakudanganya. Ubao uugonge, uusikilize."

"Mbona milango haikuliwa?" Sikudhani aliuliza.

"Milango ni mninga, mti wanaouchukia. Ubao wa chini na wa nyuma ni wa mti laini. Ndivyo nilivyoagizwa nijenge." Alifungua kabati, akaona mtungi. Akaugusa ubavuni kwa kiganja, akaonyesha kiganja kilicholowa. "Huyu hapa aliyewakaribisha."

"Mtungi hauvuji," alisema Sikudhani. "Niliutazama kwanza."

"Hauvuji. Unatoka jasho. Mtungi mzuri lazima utoke jasho. Maji hupenya polepole kwenye udongo, upepo huyakausha kwa nje, na kule kukauka ndiko kunakopoza maji yaliyo ndani. Sasa umeufungia mahali pasipo upepo. Jasho halikauki. Maji hayapoi. Jasho linateremka kwenye kata, kutoka kwenye kata linaingia kwenye ubao."

"Ndiyo maana maji yana vuguvugu!"

"Ndiyo maana. Na mchwa wa nchi kavu kama hii hutafuta unyevu kuliko chakula. Chini ya nyumba hii udongo ni mkavu kama unga. Wewe umewapa mahali penye maji na mti laini pamoja. Umeosha kabati kwa maji pia?"

"Ndoo nzima," Sikudhani alisema kwa sauti ndogo.

"Mbao zikinywa maji huvimba. Ndiyo sababu mlango umekwama na droo imegoma."

Bi Zaitun aliingilia. "Basi, Jayanti, siku ulipomaliza kulijenga ulimweleza nani haya yote?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Sikukuuliza kama uliulizwa."

Fundi alikuna kidevu. "Hapo umenishinda, Bi Zaitun."

Wakati huo Abdulkadiri aliingia kutoka kazini. Aliona mama yake mlangoni, fundi sakafuni, na kabati wazi. Sikudhani alimweleza yote, tangu mtungi mpaka vitambaa. Hakujitetea. Abdulkadiri alisikiliza amesimama, kofia mkononi, na jasho likamtoka kama ule mtungi.

"Mkaguzi yuko nyumba ya tatu kutoka hapa," alisema mwishowe. "Fundi, unaweza kupigilia ubao mpya mbele ya huo mbovu? Upake rangi. Akishapita, tutatengeneza vizuri."

"Naweza," alisema fundi. "Ni kazi fupi. Haitaonekana."

"Basi fanya."

"Nitafanya ukinituma. Lakini sikiliza kwanza." Fundi alisimama, akagonga ubao wa nyuma, chini ya lile kabati dogo la ukutani. Pu. "Wamepanda mpaka hapa. Kabati la juu limeshikwa na ubao huu. Skurubu hushika mti. Haishiki vumbi. Leo linashika. Nyuma ya rangi wataendelea kula, na hakuna atakayegonga, maana kila kitu kitaonekana kipya. Siku moja litashuka na sahani zake zote. Litamwangukia atakayekuwa chini."

Chini ya kabati lile palikuwa na vifuniko vya sufuria, vimepangwa safu. Hapo ndipo Jaha alipocheza kila siku.

"Mkaguzi akikuta kabati limebomolewa, atatutoa," alisema Abdulkadiri. Alikuwa kama anamsihi mtu. "Hatauliza kwa nini. Kwa wale wa kwanza hakuuliza."

"Wale walipasua rafu," alisema Sikudhani. "Baba Jaha, mimi nimeficha siku zote hizi. Kila siku nilipoficha, waliendelea kula. Nimechoka kupangusa udongo alfajiri. Mwache fundi akate."

"Na tukitolewa?"

"Tutatolewa mtoto akiwa mzima."

Abdulkadiri alimtazama mama yake. Bi Zaitun alikuwa akitazama kitumbua mkononi mwake, kana kwamba hakusikia.

"Kata," alisema Abdulkadiri.

*

Walianza kwa kutoa vyombo vyote kabla giza halijaingia. Kabati la juu lilishushwa, likaegeshwa barazani. Asubuhi fundi alirudi, akaukata ubao wa chini kwenye alama ya chaki, na pembeni kidogo zaidi, penye mti mzima. Aliung'oa ubao wa nyuma. Ulivunjika mikononi kama mkate mkavu, na mchwa weupe wakamwagika sakafuni. Bi Zaitun aliwaita kuku wa jirani, nao hawakuhitaji kuitwa mara mbili.

"Mbao mbovu tuzichome nje, zisikae karibu na nyumba," alisema fundi. "Mbao nzima zianikwe, lakini kivulini penye upepo. Zikikauka kwa jua kali zitapinda."

Alikwangua njia zote za udongo ukutani. Alipaka oili chafu ya mashine nyuma ya ubao mpya na chini yake, upande usioonekana.

"Rafu pia?" Sikudhani aliuliza.

"Rafu hapana. Ni sumu, na harufu yake itaingia kwenye unga. Oili ni ya nyuma tu, mbali na chakula. Tena hii haiwaui walio ardhini. Kiota chao kiko huko chini na kitabaki. Tunawanyima njia na maji, basi."

Kisha alifanya jambo ambalo halikuwapo mwanzo. Badala ya kulaza ubao wa chini juu ya sakafu, aliuinua juu ya matofali, na kati ya tofali na mti aliweka kipande cha bati kilichojitokeza pembeni.

"Mawe ya kambini," alisema Bi Zaitun.

"Ndiyo hayo. Sasa mchwa akitaka kupanda, lazima ajenge njia yake nje ya bati, mahali mtakapomwona."

Fundi alikuwa amelala kifudifudi, kichwa ndani ya kabati, mtu alipobisha hodi. Sikudhani aliijua sauti ile kabla ya kugeuka. Abdulkadiri alikuwa stesheni. Ilibidi yeye mwenyewe aseme karibu.

Mkaguzi aliingia. Alitazama tundu lililokuwa kabati. Alitazama vumbi la mbao, matofali, sahani zilizopangwa sakafuni juu ya mkeka.

"Nani ametoa ruhusa ya kubomoa?" aliuliza.

Fundi alianza kujitoa kabatini. Sikudhani alitangulia kujibu.

"Mimi, bwana."

"Kwa nini?"

Sikudhani aliokota kipande cha ubao mbovu, akamwekea mkononi. Mkaguzi alikifunga kiganja. Ubao ukawa unga.

"Mchwa," alisema. "Lakini mchwa hutaka unyevu. Humu hakuna bomba. Maji yametoka wapi?"

"Yametoka kwenye mtungi, bwana. Ulisema vyombo vyote vikae kabatini, sakafuni pasibaki kitu. Nilitii. Mtungi ni chombo. Lakini mtungi hutoka jasho, na jasho lake linaingia kwenye mbao. Sikujua. Tena nililiosha kabati kwa ndoo, nalo nimekosa. Nilipoona mchwa, nikaficha. Sasa sifichi."

Mkaguzi alipangusa unga wa mbao kiganjani. Sikudhani alisikia injini ya treni ikipumua stesheni. Alifikiri: sasa atasema. Sasa.

"Sikufikiria mtungi," alisema mkaguzi. "Kwangu maji hukaa kwenye birika la chuma." Aligeuka kuelekea safu ya nyumba. "Na hao wengine? Nimewakagua. Sakafu zao zote zilikuwa tupu."

"Nadhani wametii pia, bwana."

"Watu wa safu hii ni watiifu sana," alisema Bi Zaitun kutoka mkekani. "Ndiyo taabu yenyewe."

Mkaguzi alitoka. Walimwona akiingia nyumba inayopakana na yao, ile aliyoisifu jana yake. Alikaa humo muda. Sikudhani alisimama dirishani, hawezi kukaa, hawezi kufagia. Fundi naye aliacha randa. Kisha, kupitia ukuta, wakasikia mtu akigonga mbao. Ko. Ko. Ko. Halafu: pu.

Mkaguzi aliporudi, magoti yake yalikuwa na vumbi.

"Fundi," alisema, "ukimaliza hapa, nenda pale. Uinue kabati juu ya matofali kama hili. Kisha nyumba zinazofuata." Akamgeukia Sikudhani. "Jana niliona sakafu safi, nikaandika kwamba nyumba ni nzuri. Haikuwa nzuri. Yenu imebomolewa, lakini ni nzima. Mtakaa. Baada ya mvua nitapita tena, na safari hii sitatazama sakafu. Nitagonga."

Alikwisha vuka kizingiti aliposimama tena. "Na mtungi utakaa wapi?"

"Barazani, bwana, upande wa upepo. Juu ya kigoda, na sahani chini yake."

"Vizuri," alisema, akaenda.

Sikudhani aliketi chini pale pale aliposimama.

*

Kabati liliporudishwa, fundi alimweleza Sikudhani namna ya kuliangalia. Alieleza mbele ya Abdulkadiri pia, maana kabati ni la wote wanaolifungua.

Vitu vizito, kama masufuria ya chuma na gunia la unga, vikae chini. Juu ukutani vikae vyepesi tu. Sufuria lililotoka motoni lisiwekwe moja kwa moja kwenye ubao. Kwanza kiwekwe kigae au bati. Mbao hazioshwi kwa ndoo. Hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, kisha kwa kikavu. Chombo kilichooshwa kikauke kwanza, ndipo kiingie. Droo ikiwa nzito, isivutwe kwa nguvu. Isuguliwe nta ya nyuki kwenye njia zake. Skurubu ya bawaba ikilegea, ikazwe mapema, kabla mlango haujaning'inia na kuing'oa. Na milango iachwe wazi kidogo kila siku, upepo upite, hasa wakati wa masika.

"Na mlango si bembea," aliongeza fundi, akimtazama Jaha aliyekuwa ameshika kitasa, miguu hewani.

Jaha alishuka.

Mvua zilikuja, zikaisha. Siku moja Abdulkadiri alirudi kazini na vumbi la kwanza la kiangazi kwenye nyusi. Barazani kwake mtungi ulikuwa juu ya kigoda chake, ubavu umelowa. Baraza iliyofuata ilikuwa na mtungi. Nayo iliyofuata, mpaka mwisho wa safu. Abiria wa treni ya Kigoma waliweza kuiona mitungi yote kwa dirisha. Alichota kikombe, akanywa bila kupumzika.

"Baridi," alisema, akachota tena.

Ndani, moto ulikuwa ukiwaka na moshi ukipanda kwenye dohani. Sikudhani alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, mpini wa mwiko mkononi. Aligonga kutoka dirishani mpaka pembe. Jaha alimfuata nyuma kwa kifuniko cha sufuria, akigonga alipogonga mama yake.

Walifika pembeni. Sikudhani aliinama, akagonga, akatega sikio.

Ko.

Aligonga tena, ahakikishe. Kisha aliinuka kutia unga wa ugali.